Upinzani na Kipingo: Funzo la FORD, 1991–1992

Neno upinzani latokana na kitenzi pinga, ambacho maana yake mojawapo ni kukingamisha kitu njiani. Katika mzizi huohuo mna kipingo, kifungacho mlango. Kipingo huzuia, lakini hakijengi nyumba. Historia ya FORD nchini Kenya yathibitisha jambo hilo.

Mwaka 1982 KANU ilifanywa kisheria kuwa chama pekee. Mwezi Agosti 1991, Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku na wenzao watatu waliasisi FORD ili kudai demokrasia irejeshwe. Desemba ya mwaka huohuo kifungu cha 2A cha katiba kilifutwa, na harakati ikageuka chama. Hapo ndipo udhaifu ulipodhihirika. Watu wa makabila na matabaka mbalimbali walikuwa wameunganishwa na shabaha moja: Rais Moi aondoke. Juu ya nani aongoze, na mgombea ateuliwe kwa njia gani, hawakupatana.

Mwaka 1992, kabla ya uchaguzi, FORD ikapasuka: FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Jina Asili lenyewe ni ushahidi. Lilidai urithi wa harakati. Halikueleza nchi ingeendeshwaje.

Tarehe 29 Desemba 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba alipata kama 26, Mwai Kibaki wa DP 19, na Odinga 17. Ni kweli kwamba chama tawala kilinufaika na vyombo vya dola, na kwamba ghasia za Bonde la Ufa ziliwafukuza wengi makwao. Hata hivyo, wapiga kura wapatao theluthi mbili walikuwa wamemkataa Moi. Waliokosa kuafikiana ni viongozi wao.

Yamkini mtu atasema kuwa umoja wa mwaka 2002 ulitibu maradhi hayo, kwani NARC iliishinda KANU. La hasha. Ilipofika kura ya maoni ya Novemba 2005, washirika walikuwa kambi mbili zinazohasimiana juu ya katiba. Kumbe kumkataa mtawala ni mwanzo tu wa siasa. Wasiokubaliana mapema juu ya wakitakacho watagombana siku ile mlango utakapofunguka.