Soda ya kujitengenezea nyumbani: Kazi na hatari za regyuleta ya gesi

SODA ya dukani ni mkusanyiko wa vitu vitatu tu: maji, sukari pamoja na viungo vya ladha, na gesi ya kabonidayoksaidi iliyoshindiliwa ndani ya maji hayo. Viwili vya mwanzo hupatikana katika kila jiko. Cha tatu ndicho huwatatiza wanaotaka kujitengenezea kinywaji chenye viputo nyumbani, kwa kuwa gesi hiyo huuzwa katika mtungi wa chuma, nayo haitoki humo kwa upole.

Kifaa cha kuituliza kinaitwa regyuleta. Ni kidogo, hutoshea kiganjani, na bei yake huwafanya baadhi ya watu kukiona kama anasa inayoweza kuepukwa. Wapo wanaothubutu kuunganisha chupa moja kwa moja na mtungi kwa kutumia mpira na kibano, wakitumaini kwamba kufungua kidogo kidogo kutatosha. Hilo ni jambo linaloweza kumgharimu mtu macho, mkono au hata uhai.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi, kabonidayoksaidi iliyo mtungini husukuma kwa shinikizo la takriban bar 57, yaani karibu pauni 830 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo linalojazwa upepo katika kituo cha petroli hutiwa pauni 30 hivi. Chupa ya soda nayo huhitaji kiasi hicho hicho cha gurudumu, au zaidi kidogo. Kazi ya regyuleta ni kuteremsha 830 hadi 30, kisha kuhakikisha kwamba 30 inasalia kuwa 30 hata mtungi unapopata joto au chupa inapojaa.

Elimu ya kutia gesi majini si ngeni. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley, aliyekuwa akiishi Leeds karibu na kiwanda cha pombe, aligundua kwamba hewa iliyotanda juu ya mapipa ya bia ingeweza kuyeyushwa katika maji na kuyapa ladha ya kupendeza. Alichapisha maelezo yake mwaka 1772. Johann Jacob Schweppe akaifanya biashara mjini Geneva mnamo 1783. Lakini aliyetoa kanuni inayotumika hadi leo ni William Henry, mwaka 1803: kiasi cha gesi kinachoyeyuka ndani ya kioevu huongezeka sawasawa na shinikizo la gesi iliyo juu yake. Ukizidisha shinikizo maradufu, gesi inayoyeyuka huwa maradufu pia, mradi joto lisibadilike.

Sharti hilo la joto ndilo husahaulika. Katika shinikizo la kawaida la hewa, lita moja ya maji yenye nyuzi 4 huweza kubeba gramu 2.9 hivi za gesi hiyo. Maji ya nyuzi 20 hubeba gramu 1.7, na ya nyuzi 30 hubeba gramu 1.3 pekee. Soda ya kawaida huwa na gramu 6 hadi 8 kwa kila lita. Kwa hivyo, ili kufikia gramu 7, maji yaliyotoka kwenye friji yatahitaji pauni 21 hivi katika geji. Maji ya nyuzi 20 yatataka pauni 46. Maji ya bomba ya Mombasa wakati wa kiangazi, yakiwa na nyuzi 30, yatadai zaidi ya pauni 65, kiwango ambacho hakifai kabisa kujaribiwa jikoni.

Anayelalamika kwamba soda yake haina ukali, basi, asikimbilie kuongeza shinikizo. Ayapoze maji kwanza. Wazoefu huweka regyuleta kwenye pauni 30 kwa maji baridi, badala ya 21, kwa kuwa kuitikisa chupa kwa dakika moja hakutoshi kuyashibisha maji, na gesi nyingine hupotea kifuniko kinapofunguliwa. Kupita 40 hakuna haja. Wakazi wa Nairobi wanaweza kuongeza pauni 3 bila wasiwasi, maana geji hupima tofauti kati ya gesi na hewa ya nje, na hewa ya Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, ni nyepesi kuliko ile ya pwani.

Ndani ya regyuleta mna kiwambo chembamba cha mpira au chuma, springi, na vali ndogo. Mtumiaji anapozungusha kitasa kufuata mwendo wa saa, springi hubanwa, nayo husukuma kiwambo, ambacho hufungua vali. Gesi hupenya upande wa pili. Ikisharundikana huko, husukuma kiwambo kurudi nyuma, na vali hujifunga. Gesi inapopungua kwa kuingia katika chupa, springi hushinda tena, na vali hufunguka. Mvutano huo kati ya springi na gesi huendelea wenyewe bila mkono wa mtu.

Regyuleta nyingi huwa na geji mbili. Moja huonyesha shinikizo la mtungini, nyingine lile linaloelekea kwenye chupa. Huwa pia na vali ya usalama inayofyatuka na kuitoa gesi nje iwapo upande wa chini utapata shinikizo kupita kiasi. Isiyo na vali hiyo haifai kununuliwa, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Swali linaloulizwa sana ni iwapo regyuleta ya gesi ya kupikia inaweza kutumika. Jibu ni la. Mtungi wa gesi ya kupikia kwa kawaida haufiki bar 10, na regyuleta yake imeundwa kutoa shinikizo dogo mno, lisilofika hata pauni moja. Kuifunga kwenye mtungi wa bar 57 ni kuitaka ipasuke. Zile za mafundi wa kuchomelea vyuma nazo zina walakini: nyingi hupima mwendo wa gesi kwa lita kwa dakika, wala si shinikizo, hivyo mwenye chupa hawezi kujua ameitia kiasi gani. Kizimamoto cha zamani kisigeuzwe mtungi wa soda. Ndani yake mna bomba linalofika chini, ambalo hutoa kabonidayoksaidi ikiwa kioevu badala ya gesi, na kioevu hicho kikiingia katika regyuleta kitaigandisha na kuiharibu. Kwa sababu iyo hiyo, mtungi wa kawaida sharti usimame wima wakati wote unapotumika.

Kuhusu gesi yenyewe, Kenya imebahatika. Katika eneo la Kereita, Lari, kaunti ya Kiambu, kabonidayoksaidi hutoka ardhini, na kampuni ya Carbacid huivuna na kuisafisha kwa matumizi ya viwanda vya vinywaji. Mnunuzi aulize waziwazi kama gesi anayouziwa ni ya vyakula. Ile ya kuchomelea yaweza kuwa na chembechembe za mafuta au kemikali ambazo hazidhuru chuma lakini hazifai kinywani. Mwaka 1990 kampuni ya Perrier ya Ufaransa ililazimika kuondoa mamilioni ya chupa za maji yake madukani kote duniani baada ya benzini kupatikana ndani yake. Chanzo kilikuwa vichujio vya gesi ambavyo havikubadilishwa kwa wakati. Ikiwa kampuni kubwa iliponzwa na kichujio, sembuse mtu anayejaza mtungi katika karakana ya mtaani?

Kabla ya kufunga regyuleta, nati yake ilinganishwe na mdomo wa mtungi, kwa kuwa nyuzi za skrubu hutofautiana kati ya nchi na nchi. Isiyoingia kwa mkono isilazimishwe kwa spana. Washa ya kuzuia uvujaji iwe mahali pake. Kisha kitasa kizungushwe kinyume na mwendo wa saa hadi kilegee kabisa, hali inayomaanisha kwamba vali imefungwa. Hapo tu ndipo mtungi hufunguliwa, polepole, mtu akiwa amesimama kando na si mbele ya geji. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio yataonyesha kwa mapovu mahali panapovuja.

Chupa ifaayo ni ya plastiki iliyotengenezewa soda. Chupa nyembamba za maji ya kunywa hazikuumbwa kwa kazi hii, na ya glasi isikaribie, kwani ikipasuka hugeuka visu. Kwenye chupa hufungwa kifuniko maalumu chenye vali, ambacho huunganishwa na mpira wa regyuleta. Chupa hujazwa maji baridi hadi robo tatu hivi, hubinywa ili hewa itoke, kisha kifuniko hufungwa. Hewa ikiachwa humo hushiriki shinikizo bila kuleta viputo. Gesi ikifunguliwa kwa pauni 30, chupa iliyobinywa hujinyoosha kwa kishindo kidogo. Hutikiswa kwa nusu dakika hadi dakika moja huku gesi ikisikika ikiingia, halafu huachwa itulie kabla ya kufunguliwa. Asiye na subira ataoga soda.

Yafaa kutia gesi katika maji matupu na kuongeza ladha baadaye. Maji ya ukwaju, tangawizi au ndimu yaliyopikwa na sukari hadi yakawa mazito huchanganywa kwa upole na maji yenye gesi ndani ya gilasi, na kinywaji kikawa tayari. Juisi yenye nyama ya matunda hutoa povu lisilozuilika. Tena, kimiminika chenye sukari kikirudi kupitia mpira huganda ndani ya regyuleta na kuzuia vali isifunge. Kinywaji chenye gesi kina asidi inayoweza kula shaba na kuchanganyika nayo, kwa hivyo vali ya njia moja kati ya regyuleta na chupa si ya kupuuzwa.

Dalili ya regyuleta iliyochakaa ni moja kuu: mshale wa geji ya chini unapanda wenyewe ilhali hakuna gesi inayotumiwa. Hapo vali haijifungi tena sawasawa. Mtungi ufungwe, na kifaa kipelekwe kwa fundi anayekijua au kibadilishwe.

Geji ya juu nayo huwahadaa wengi. Maadamu kungali na kioevu mtungini, shinikizo hubaki lile lile, uwe umejaa au umebakia robo. Mshale huanza kushuka kioevu kinapokwisha, na kufikia wakati huo gesi iliyosalia ni haba. Njia ya kujua kilichomo ni mizani: uzito wa mtungi mtupu huwa umepigwa chapa kwenye bega lake, pamoja na tarehe ya kukaguliwa. Mtungi wa kilo 5 kwa hesabu ya karatasi ungetosha lita 600 za soda. Kwa uhalisia, kwa sababu ya gesi inayopotea kila chupa inapofunguliwa, ni afadhali mtu atarajie nusu ya hapo.

Katika nyuzi 31 kabonidayoksaidi hubadili tabia. Haiwezi tena kuwa kioevu, na shinikizo lake, ambalo tayari limefika bar 74 hivi, hupanda kwa kasi kwa kila nyuzi moja inayoongezeka ikiwa mtungi umejazwa sana. Ndiyo sababu wajazaji huacha nafasi, na mitungi mingi huwekewa kisahani kinachopasuka kabla ya mtungi wenyewe kupasuka. Lodwar, Garissa na Mombasa hupita nyuzi hizo mara nyingi. Mtungi usiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Hatari ambayo huzungumziwa kwa nadra kuliko zote haina mlipuko wala harufu. Kilo moja ya kabonidayoksaidi ikivuja hutanuka kuwa zaidi ya lita 500 za gesi. Mtungi wa kilo 5 ukimwagika wote katika chumba cha futi kumi kwa kumi, madirisha yakiwa yamefungwa, hewa ya humo itakuwa na zaidi ya asilimia 10 ya gesi hiyo, kiwango cha kumzimisha mtu fahamu kwa dakika chache na kumuua. Ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo hutuama sakafuni, alikolala mtoto juu ya mkeka. Mnamo Agosti 21, 1986, wingu la gesi iyo hiyo lilifoka kutoka Ziwa Nyos nchini Kamerun na kuua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wana jina la mabonde madogo ambamo gesi hii ya volkano hujikusanya na kuua mbuzi na watu: huyaita mazuku, na wanasayansi wa volkano wamelichukua neno hilo katika maandishi yao.

Mahali pa mtungi, basi, ni kwenye veranda au jiko lenye hewa ya kutosha, ukiwa umefungwa kwa mnyororo ukutani usianguke, na kamwe si katika chumba cha kulala. Kazi ikiisha, vali ya mtungi hufungwa kwanza, gesi iliyobaki katika mpira hutolewa hadi geji zote mbili zisome sufuri, na kitasa cha regyuleta hulegezwa tena, tayari kwa siku nyingine.