Vijiti vya Mbuni

Siku tuliyomzika mpiga dramu wetu kule Machame, matarumbeta ya usharika yalitangulia jeneza kuingia kihambani, shamba la nyumbani kwake. Nyuma ya wapiga tarumbeta alikuwepo kijana aliyebeba dramu kubwa kifuani, na kijana yule alikuwa anachelewa. Kidogo tu, kiasi ambacho waombolezaji wengine hawakukisikia. Mpiga solo wetu, siku hizi anatembelea mkongojo, akaniinamia: "Meku, unamsikia huyo? Mwenzetu angekuwa mzima angeshamnyang'anya fimbo." Nikabana kicheko mpaka machozi yakanitoka, watu wakadhani nalia. Labda kweli nilikuwa nalia.

Mimi nilikuwa mpiga besi. Besi na dramu ni mume na mke. Wakinuniana, nyumba nzima hailali. Kwa hiyo ninayo haki ya kumsimulia, ingawa jina lake nitaliacha lipumzike naye.

Inapotajwa miji ya muziki, watu husema Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Tabora. Mzee mmojammoja atakumbusha kwamba Frank Humplick, yule wa gitaa aliyeimba na dada zake Thecla na Maria miaka ya 1950, ni mzaliwa wa hapa hapa Moshi, na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi wa bugi hatumo kabisa. Bugi lilikuwa dansi la mchana la vijana, Jumamosi na Jumapili, soda badala ya bia, na nyimbo zenyewe za kukopi: kwanza soul, kisha roki. Novemba 1969 soul ilipigwa marufuku Dar es Salaam kwa amri ya Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, mwaka uleule ambao Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa ukikimbizana na sketi fupi na suruali za kubana katika Operesheni Vijana. Huku mlimani amri ile tuliisikia kama habari ya mbali, na ilichofanya ni kututia hamu zaidi.

Marehemu hakujifunzia dramu kwenye bendi. Alijifunzia shule ya msingi, kwenye zile ngoma zinazowaingiza watoto darasani asubuhi. Halafu akakutana na santuri ya Santana kwa binamu yake. Alipopata habari kwamba Michael Shrieve, mpiga dramu wa Santana, alikuwa na miaka 20 tu alipopiga Woodstock mwaka 1969, akaanza kujihesabia: "Nimebakiza minne." Baadaye mitatu. Alipofika ishirini hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Vyombo vyetu vilitokana na kahawa. Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni Brazil, bei ikapaa dunia nzima, na kabla ya miaka miwili kwisha hata mwenye kihamba kidogo hapa mlimani alikuwa ameshika noti. Mzee mmoja mwenye lori akaenda Nairobi, akarudi na magitaa, amplifaya na seti nyekundu ya dramu. Mzee hakujua muziki hata wa kupiga mluzi, lakini ufunguo wa stoo ulikaa mfukoni mwake, na kwenye bendi za enzi zile mwenye ufunguo ndiye aliyepanga hata nyimbo.

Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, na sisi tumebaki na dramu zisizo na vipuri. Taveta ipo pale, ukisimama Holili unaiona, lakini ghafla ikawa mbali kuliko Ulaya. Ngozi ya dramu ndogo ilipopasuka, ilipasuka moja kwa moja, kwa sababu ilikuwa ya plastiki, na plastiki haishoneki.

Hapo ndipo nilipomjua mwenzangu. Alitafuta ngozi ya mbuzi jike. Ya beberu alisema ni nene, ina kiburi. Akailoweka usiku kucha, akaikwangua manyoya kwa kipande cha chupa, akaivuta juu ya duara ingali mbichi na kuiacha ikauke kivulini. Ilitoa sauti kavu, tamu, mpaka masika yalipoingia. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu. Ukungu ukishuka kutoka mlimani, dramu inalala kama godoro. Basi akawa anaweka jiko la mkaa nyuma yake jukwaani, na kati ya wimbo na wimbo anaigeuza dramu juu ya moto taratibu, akiigonga kwa kidole kusikiliza. Siku moja msichana alikuja mpaka jukwaani kuuliza mishikaki bei gani.

Vijiti alichonga mwenyewe. Mbuni una mti mgumu, na ukikatwa shina huchipua matawi yanayokwenda wima kama mkuki. Alichagua yaliyonyooka, akayamenya, akayaning'iniza darini juu ya moshi wa jikoni. Mama yake alilalamika kwamba anapogoa kahawa kwa mahitaji ya bugi. Ukumbi mzima ulikuwa na vyombo vya Nairobi na nguo za mitumba, na mikononi mwake harufu ya jiko la Kichagga.

Studio hatukuiona. Ya kurekodia ilikuwa Radio Tanzania, Dar es Salaam, na foleni ilikuwa ya bendi kubwa. Sunburst, vijana wa roki waliokuwa wakitamba Dar, walipotoa albamu yao ya Ave Africa mwaka 1976 ilibidi itokee Zambia. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, lakini disko lilikuwa limeshatumaliza. Mwenye vyombo aliuza kimoja kimoja, na mwenzetu akarudi kwenye migomba.

Baada ya mazishi tulikaa chini ya mparachichi, kata ya mbege ikizunguka. Mjane akatuletea bahasha kubwa iliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Aliikuta sandukuni, akataka kujua ni kitu gani, asije akatupa hati ya shamba. Ndani mlikuwa na ngozi mbili za dramu, za plastiki, nyeupe, bado zimo kwenye karatasi ya duka la Nairobi.

Mpiga solo akaweka kata chini. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka zaidi ya arobaini: kwamba mwaka 1979 alivuka kwa njia za panya usiku, na debe la kahawa ya baba yake kichwani, akaliuza upande wa pili ili zinunuliwe ngozi hizo. Wakati ule magendo ya kahawa yalikuwa kifungo.

"Alizipokea akanishukuru," alisema. "Akaniambia anazitunza kwa ajili ya siku ya kurekodi."

Akaichukua moja, akaigonga kwa kidole. Halafu akamgeukia mjane, uso umemwiva: "Shemeji, mimi nililala mtaroni usiku kucha, mbu wananila, na huyu bwana akaendelea kuchoma mbuzi!"