Kiwango cha Chini Kilichogeuzwa Kikomo: Wanawake katika Baraza la Mawaziri la Kenya

Kila linapotangazwa Baraza la Mawaziri lenye wanawake wachache nchini Kenya, utetezi ni uleule: wanawake hawashindi chaguzi kwa wingi, vyama haviwapi tiketi, kwa hiyo rais hana wengi wa kuwachagua. Hoja hii ina uzito kuhusu Bunge. Kuhusu Baraza la Mawaziri haina msingi. Kifungu cha 152(3) cha Katiba ya 2010 kinakataza waziri kuwa mbunge. Rais yuko huru kumteua profesa, balozi, wakili au daktari ambaye hajawahi kupanda jukwaani kuomba kura. Nchini Tanzania, ambako waziri sharti awe mbunge, hoja ya uhaba ingeeleweka kidogo. Hata huko, Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitumia mojawapo ya nafasi 10 anazopewa na Katiba kumteua Stergomena Tax kuwa mbunge, kisha akamkabidhi Wizara ya Ulinzi, ambayo haikuwa imewahi kuongozwa na mwanamke.

Ikiwa uhaba si sababu, sababu ni nini? Mjadala mwingi wa kitaaluma kuhusu kanuni ya thuluthi mbili, yaani kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wajumbe wa chombo, umeelekezwa bungeni: maoni ya Mahakama ya Juu ya Desemba 2012 kwamba utekelezaji uwe wa hatua kwa hatua, miswada iliyokwama, na ushauri wa Jaji Mkuu David Maraga wa Septemba 2020 kwamba Bunge livunjwe. Uteuzi umepuuzwa, na hilo ni kosa, kwa kuwa ndiko nia ya mteuzi inakoonekana bila kufichwa na mpiga kura. Ninadai kwamba thuluthi moja, ambayo Katiba iliiweka iwe kiwango cha chini, imegeuzwa na wateuzi kuwa kikomo.

Tuitazame hesabu yenyewe. Mwaka 2013 Rais Uhuru Kenyatta aliteua mawaziri 18, wanawake 6, yaani thuluthi moja kamili, bila hata mmoja wa ziada. Lakini kwa Kifungu cha 152(1), Baraza si mawaziri peke yao. Wamo pia Rais, Naibu wake na Mwanasheria Mkuu, na wote watatu walikuwa wanaume. Baraza la watu 21 halipaswi kuwa na wanaume zaidi ya 14. Lile lilikuwa na 15. Mwaka 2022 William Ruto aliingia Ikulu akiwa ameahidi wanawake nusu ya mawaziri. Orodha ya Septemba ilikuwa na majina 22, wanawake 7. Nusu ingekuwa 11. Thuluthi ingehitaji 8. Ukiwajumlisha wale watatu wengine, ambao tena walikuwa wanaume, wajumbe ni 25 na wanawake walipaswa kuwa 9.

Itasemwa kwamba Rais na Naibu wake huchaguliwa, hivyo wasihesabiwe. Sikubali. Kifungu cha 27(8) kinataja vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa kwa pamoja, na wanaoketi meza ile huamua wakiwa chombo kimoja. Rais anajua kabla ya kuandika jina la kwanza ni viti vingapi tayari vimekaliwa na wanaume.

Mahakama Kuu ilikwisha kuliona tatizo. Desemba 2016 Jaji Joseph Onguto aliamua kwamba Baraza la wakati huo lilikiuka kanuni, lakini akasimamisha tamko lake kwa miezi 8 au hadi serikali mpya iundwe. Busara ya kuepuka ombwe la uongozi inaeleweka. Hata hivyo, wateuzi waliona kwamba ukiukaji unaweza kuthibitishwa mahakamani na serikali ikaendelea na kazi.

Orodha iliyobanwa kwenye thuluthi tu haihimili mtikisiko wowote, na upigaji msasa bungeni ni mtikisiko wa uhakika. Mwaka 2022, kati ya walioteuliwa kuwa mawaziri, Kamati ya Uteuzi ya Bunge la Kitaifa ilimkataa mmoja tu, Peninah Malonza. Bunge zima likamwidhinisha. Mwaka 2024 ikamkataa tena mmoja tu, Stella Soi Lang'at, safari hii Bunge likakubaliana nayo. Matukio mawili hayathibitishi ubaguzi wa kamati. Yanatosha, nadhani, kuuliza kwa nini kipimo cha ujuzi, ambacho kamati ilikitaja mara zote mbili, kimewaangukia wanawake pekee ilhali miongoni mwa wanaume waliopita walikuwamo wanasiasa waliokabidhiwa wizara zisizohusiana na taaluma zao.

Rwanda hutajwa kupinga hoja yangu, kwamba kule wanawake wengi huteuliwa kwa nguvu ya rais, si ya sheria. Lakini Katiba yake inadai asilimia 30 tu, na Oktoba 2018 wanawake walifika nusu ya Baraza. Rais wa Kenya ana mamlaka hiyohiyo ya kuandika majina. Mahakama itakapoletewa tena suala hili, haina budi kuhesabu Baraza zima, na kuipima orodha upya kila waziri anapojiuzulu, kufutwa au kukataliwa. Kwa Baraza la 25, hiyo ni wanawake 9 wakati wote, na mteuzi mwangalifu ataanza na 11 au 12.