Dhima ya Serikali kwa Hasara za Mafuriko (Marekani)

Dhima ya serikali kwa hasara za mafuriko ni suala la kisheria linalouliza iwapo mtu aliyefiwa au kupoteza nyumba na mali kwa mafuriko anaweza kuidai fidia serikali iliyojenga mabwawa na kuta za kuzuia maji, au iliyonyamaza ilipopaswa kumwonya. Kwa serikali ya shirikisho ya Marekani, jibu mara nyingi ni hapana.

Chanzo ni Sheria ya Udhibiti wa Mafuriko ya mwaka 1928, iliyotungwa baada ya mto Mississippi kufurika mwaka 1927. Bunge lilikubali kugharimia matuta, likajikinga papo hapo: serikali haitawajibika kwa madhara yoyote ya maji ya mafuriko, popote pale. Sheria ya 1946 iliyoruhusu raia kudai fidia kwa uzembe wa watumishi wa serikali haikuiondoa kinga hiyo.

Ukali wake ulidhihirika katika kesi ya United States v. James. Mwaka 1979, kwenye bwawa la Millwood, Arkansas, milango ilifunguliwa ili kupunguza maji. Mkondo uliwavuta watu waliokuwa wakijiburudisha ziwani. Mmoja alijeruhiwa, mwingine akafa maji. Mahakama ya wilaya iliona kwamba wahusika waliijua hatari na kwa makusudi hawakuonya. Hata hivyo, mwaka 1986 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba kinga inafunika hata vifo na hata kutoonya. Ni tafsiri iliyoipa sheria ya matuta uzito zaidi kuliko uhai wa watu. Mwaka 2001, katika kesi ya Central Green, mahakama hiyo iliibana kinga kidogo: kinachotazamwa ni aina ya maji yaliyoleta hasara, si madhumuni ya mradi.

Kimbunga Katrina cha Agosti 29, 2005 kiliua watu zaidi ya 1,300, na takriban asilimia 80 ya jiji la New Orleans ikafunikwa na maji. Kuta za mifereji zilizosanifiwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi zilianguka. Mwaka 2008 Jaji Stanwood Duval alikilaumu vikali kikosi hicho, lakini akalazimika kuyatupa madai yaliyohusu kuta hizo. Yakabaki madai kuhusu MR-GO, mfereji wa meli ambao kingo zake zililiwa na maji hadi upana ukazidi maradufu. Kwa kuwa ulichimbwa kwa ajili ya meli, Duval aliamua mwaka 2009 kwamba kinga haiuhusu, akawapa baadhi ya wadai karibu dola 720,000. Machi 2012 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye. Septemba mwaka huohuo majaji walewale waligeuza uamuzi wao, wakisema kuchelewa kuimarisha kingo kulikuwa uamuzi wa kisera usioweza kushtakiwa. Wadai wakatoka mikono mitupu.

Njia nyingine ni Katiba, inayokataza serikali kutwaa mali ya mtu bila fidia. Kwa MR-GO ilishindikana mwaka 2018: kutotenda hakukuhesabiwa kuwa kutwaa. Huko Houston, ambako mabwawa ya Addicks na Barker yalisanifiwa yakijaa yafurike hadi kwenye ardhi ya watu, mahakama iliwapa ushindi mwaka 2019 wenye nyumba waliofurikiwa nyuma ya mabwawa hayo wakati wa kimbunga Harvey. Lakini njia hii inalinda mali tu. Kwa waliofiwa kwa sababu hakuna aliyewaonya, hukumu ya 1986 haijatenguliwa.