Nasaba ya Mafunjo: Jinsi Ndago za Afrika Mashariki Zilivyopangwa Upya

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo tumo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Makazi haya yako kando ya ziwa lenye jina hilohilo, katika wilaya ya Isingiro. Ziwa hilo ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, ambayo iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2006. Ukingoni mwa maji yamejaa mafunjo. Wanyarwanda na Warundi huyaita urufunzo, na hata sikio linatambua kuwa majina haya mawili ni ndugu.

Je, ndugu wa mmea wenyewe ni nani? Ukikata shina la mafunjo utaona pembe tatu, wakati shina la nyasi kwa kawaida ni la mviringo. Pembe tatu hizo ni alama ya wengi katika familia ya ndago, iitwayo kitaalamu Cyperaceae. Mwaka 1753 Linnaeus aliyapa mafunjo jina la Cyperus papyrus. Kisha mwaka 1773 Rottbøll aliunda jenasi nyingine, Kyllinga, kwa ajili ya vindago vidogo ambavyo maua yake hujikusanya kama kidonge juu ya shina. Kwa macho, uamuzi huo ulikuwa na busara. Nani angedhani kwamba kimmea kinachokanyagwa njiani ni ndugu wa karibu wa mafunjo yanayompita mtu kwa kimo?

Hata hivyo, si wote walioridhika. Haines na Lye, waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Makerere, walichunguza maua na mbegu za ndago za eneo letu kwa makini. Katika kitabu chao kilichotoka Nairobi mwaka 1983, waliirudisha Kyllinga ndani ya Cyperus. Wataalamu wengi hawakuwafuata. Hata juzuu ya ndago ya Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, iliyotoka mwaka 2010, iliendelea kuitenga Kyllinga.

Wakati huo ushahidi wa aina nyingine ulikuwa umeshaanza kukusanywa. Mwaka 1998 Muthama Muasya, mtaalamu wa mimea kutoka Kenya, pamoja na Simpson na Chase, walilinganisha jeni moja iitwayo rbcL katika ndago nyingi. Jeni hubadilika kidogo kidogo vizazi vikipita, hivyo mimea inayoshiriki mabadiliko yaleyale huhesabiwa kuwa ya ukoo mmoja. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba Kyllinga imechipuka ndani ya tawi lilelile la Cyperus lenye mafunjo. Mimea ya tawi hilo hukusanya hewa ya kaboni kwa njia inayofaa jua kali. Cyperus alternifolius, ua la bustanini linalofanana na mafunjo madogo, liko nje ya tawi hilo. Kwa hiyo anayefanana na mafunjo ni ndugu wa mbali, na asiyefanana nayo ndiye wa karibu! Mwaka 2014 Larridon na wenzake waliiingiza rasmi Kyllinga katika Cyperus, miaka 31 baada ya Haines na Lye.

Historia hii inatuhusu. Wengi wetu tulikimbia nchi ambako watu waligawanywa kwa kimo na umbo la pua, na wengine wakauawa kwa mgawanyo huo. Sisemi watu wapimwe jeni kama mimea. Utu hauhitaji kipimo. Nasema jicho ni shahidi dhaifu, na anayepanga wenzake kwa kutazama tu anaweza kukosea kwa karne nzima bila kujua.

Tena, Haines na Lye hawakuwa na mashine za jeni. Walikuwa na subira, na vielelezo vilivyokaushwa vikaandikwa mahali na tarehe. Vielelezo vya namna hiyo ndivyo vilivyowawezesha wengine baadaye kurudi na kuuliza upya. Mto Rwizi unapita Mbarara kabla ya kufika kwenye maziwa haya, na kingo zake zinalimwa kila msimu. Mwanafunzi wa hapa akikausha ndago moja leo na kuandika ilikotoka, atakuwa ameacha ushahidi. Mafunjo yakishang'olewa yote, hakuna atakayeweza kuyauliza ndugu zake ni nani.