Nyemelezi: istilahi iliyofungiwa kliniki moja

Mtajie mtu wa Puge, wilayani Nzega, au wa popote Tanzania, magonjwa nyemelezi, na moja kwa moja atawaza VVU. Ndiko neno lilikozoeleka. Lakini kunyemelea ni kunyata hadi umfikie mtu hajui, na hakuna aliyesema anayenyemelewa lazima awe na VVU. Misafara ilipokuwa ikikatiza Unyamwezi kwenda Ziwa Nyanza, mpagazi aliyeugua akabaki nyuma ndiye aliyekuwa windo jepesi, awe na ugonjwa wowote ule.

Chukua kisukari. Kati ya 1998 na 2002, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipokea wagonjwa wa kisukari ambao mikono yao ilikuwa inaoza. Chanzo mara nyingi kilikuwa kidogo mno: mchubuko, au kuumwa na mdudu. Mkono ukavimba, usaha ukapenya hadi ndani, na waliochelewa kufika wakakatwa vidole au mkono, na wengine wakafariki. Sukari ikizidi kwenye damu, seli nyeupe hulegea katika kupambana na bakteria. Mishipa ya fahamu nayo ikiwa imekufa ganzi, kidonda hakiumi, na kisichouma hakimpeleki mtu hospitali.

Mtaalamu atabisha kwamba bakteria hao huwapata hata wazima, hivyo si nyemelezi kwa maana kali ya istilahi. Ni kweli. Ila ukali ule usingefika pale bila kisukari, na hilo ndilo familia inapaswa kuambiwa.

Selimundu ni vivyo hivyo. Wengu wa mtoto mwenye ugonjwa huo huharibika mapema, na wengu ndio unaochuja bakteria wa nimonia kwenye damu. Ndiyo maana mtoto huyo hupewa penisilini kila siku hadi atimize miaka 5, pamoja na chanjo. Salmonela nayo humwingia hadi kwenye mifupa.

Hata malaria humfungulia salmonela njia ya kuingia kwenye damu ya mtoto. Huko Muheza, mkoani Tanga, malaria ilipopungua, maambukizi hayo nayo yalipungua.

Nyemelezi libaki, ni neno zuri. Ninachoomba ni lisitamkwe peke yake. Daktari aseme pia ugonjwa wa msingi ni upi, na auandike kwenye daftari la mgonjwa. Mkulima wa mpunga wa Puge akija na kidole kilichovimba ghafla, apimwe sukari siku hiyohiyo, kabla ya kupewa rufaa ya hospitali ya Nzega au ya Kitete, Tabora.