Kompyuta ya gemu kwa bei nafuu: jinsi ya kuchagua pawa saplai

Kijana mmoja mwenye kibanda cha gemu alitutumia ujumbe baada ya kipindi. Alinunua kompyuta ya mtumba, zile za ofisini zinazoletwa kutoka nje, akaitafutia kadi ya grafiki ili vijana wacheze mpira. Mashine inawaka vizuri. Akiangalia filamu, haina shida. Gemu ikianza tu, dakika mbili tatu, inazima na kujiwasha upya. Ameshabadilisha RAM, ameshapiga Windows mara tatu, na wateja wameanza kuhamia kibanda cha jirani.

Tulimjibu hewani kwa kifupi kwamba aangalie pawa saplai. Hapa tunaeleza kwa urefu, kwa sababu hesabu za wati hazisikiki vizuri redioni.

Pawa saplai ni lile boksi la chuma lenye feni, ambalo waya wa ukutani unachomekwa. Kazi yake ni kuchukua umeme wa volti 230 (Kenya ni 240) na kuushusha kuwa volti 12, 5 na 3.3, ambazo ndizo kompyuta inazitumia. Prosesa na kadi ya grafiki, yaani vitu viwili vinavyokula umeme kuliko vyote, vinategemea volti 12. Filamu haizichoshi sana. Gemu inazifanya zote mbili zivute kwa pamoja, na pawa saplai ikishindwa kuzibeba, inajikata. Ndiyo maana mashine ya yule kijana ilikuwa nzima mchana kutwa na kuugua saa ya wateja.

Kabla ya kununua, piga hesabu

Tuchukue kompyuta moja inayojulikana na mafundi wengi, Dell OptiPlex 9020 ile ya mnara. Inatoka kiwandani na pawa saplai ya wati 290. Ikiwa ndani yake kuna prosesa ya Core i5-4590, hiyo ni wati 84. Mazabodi, RAM, diski na feni tuvipe wati 50 kwa kukadiria. Jumla ni wati 134 kabla ya kadi ya grafiki.

Ukiweka kadi ya GTX 1650 au GTX 1050 Ti, ambazo ni za wati 75, unafika 209. Pawa saplai ya Dell inabeba mzigo huo, na kadi nyingi za aina hizo hazihitaji waya wa ziada kwa sababu nafasi inayochomekwa kwenye mazabodi yenyewe inaweza kutoa hadi wati 75. Ushauri wetu kwa mwenye fedha kidogo ni huo: tafuta kadi ya wati 75 isiyo na tundu la waya, kisha acha pawa saplai ya kiwandani ilivyo. Wengi wanakimbilia kuitoa kwa sababu imeandikwa namba ndogo, wanaweka boksi lililoandikwa 500, na kumbe wametoa kitu kizuri wakaweka kibovu.

Hesabu inabadilika ukitaka kadi kubwa zaidi. GTX 1660 Super inakula wati 125, na jumla inafika 259. Ni chini ya 290, lakini imekaribia mno, na zaidi ya hapo kadi hiyo inataka waya maalumu wa pini 8 ambao Dell hiyo haina. Hapo ndipo unahitaji pawa saplai mpya. Nvidia wenyewe wanapendekeza wati 450 kwa kadi hiyo. RX 580, ambayo iko nyingi kwenye mtumba, inakula wati 185, na AMD wanapendekeza wati 500. Hiyo ya RX 580 hatuipendi sana kwa kibanda: joto lake na bili ya umeme vitakula faida.

Namba kubwa kwenye boksi haitoshi

Pawa saplai za bei ya chini sana mara nyingi zimeandikwa "500W" kwa herufi kubwa upande mmoja. Usisome hapo. Geuza, tafuta karatasi yenye jedwali dogo, uangalie safu ya +12V imeandikwa ampea ngapi. Zidisha ampea hizo kwa 12. Tuliwahi kushika moja dukani, boksi linasema 500, jedwali linasema ampea 18. Kumi na nane mara kumi na mbili ni 216. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi yako zitagawana, na ni chache kuliko zile za Dell tuliyokuwa tunataka kuitoa!

Kwa kadi kama GTX 1660 Super, tafuta volti 12 yenye ampea 30 au zaidi, yaani wati 360. Kama karatasi haina jedwali kabisa, rudisha boksi kwa muuzaji bila mabishano.

Nembo ya 80 PLUS nayo inasaidia. Inaeleza ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye kompyuta badala ya kupotea kama joto. Ya kawaida ni angalau asilimia 80, na Bronze inapanda kidogo. Nembo hiyo haielezi ubora wote, na vibandiko vya bandia vipo. Ndiyo maana sisi tunapima pia kwa mkono: boksi lililo jepesi kama kopo tupu halina vyuma vya kutosha ndani vya kubeba mzigo.

Na hapa tuondoe hofu moja. Pawa saplai ya wati 550 haivuti 550 muda wote. Inavuta kile kompyuta inachohitaji, pamoja na kidogo kinachopotea kama joto. Kununua yenye nafasi ya ziada hakupandishi bili.

Je, itaingia na kuchomeka?

Hili linawakwamisha wengi wakiwa wameshalipa. OptiPlex 9020 haitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi. Inatumia ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6. Ukitaka pawa saplai ya kawaida, lazima ununue na waya wa kubadilisha unaolingana na mashine hiyo hasa. OptiPlex 7010 ya mnara, ambayo ni ya zamani kidogo, inatumia pini 24 na haina usumbufu huo. Zile kompyuta nyembamba za kulaza, boksi la kawaida haliingii kabisa.

Fungua kava, piga picha ya plagi zote kwa simu, piga na picha ya karatasi ya pawa saplai iliyomo. Nenda nazo dukani mjini. Picha hizo zitakuokolea nauli ya safari ya pili.

Jihadhari na waya unaotoa umeme kwenye plagi ya diski kuupeleka kwenye kadi ya grafiki. Plagi ya diski aina ya SATA imeundwa kubeba takribani wati 54, na kadi yenye pini 6 inaweza kuvuta 75. Waya huo huyeyuka. Na kama pawa saplai yako ina waya zinazochomolewa, usitumie waya wa pawa saplai nyingine hata kama unaingia. Mpangilio wa pini unaweza kutofautiana, na diski zako zikaungua siku hiyohiyo.

Umeme wetu wa kukatika, na sola

Kabla ya kuwasha, angalia nyuma. Baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio kama baruti na boksi limekwisha.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi huja kwa kishindo wakati mwingine. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, kinafaa pia kwa kompyuta, mradi kiweze kubeba ampea zake.

Kwa wanaotumia sola, hesabu ni hii. Kompyuta ya gemu inayovuta wati 200 ikicheza, kwa betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo hupaswi kuimaliza zaidi ya nusu, itakupa karibu saa mbili na nusu tu. Chagua inveta inayotoa wimbi safi. Pawa saplai nyingi nzuri za kisasa zinasumbuana na inveta za bei ya chini. Zinazima au kupiga kelele.

Pawa saplai ikiharibika, usiifungue hata kama imechomolewa. Kapasita za ndani hubaki na chaji inayoweza kuua mtu. Mpelekee fundi.

Yule kijana alitutumia picha ya jedwali la boksi lake jipya: ampea 16. Alirudisha ile ya zamani iliyokuja na kompyuta, ambayo kwa bahati alikuwa ameihifadhi chini ya meza, na kadi yake ni ya wati 75.